Kibla Kati ya Kibo na Mawenzi

Tangu turudi kutoka Mlima Kilimanjaro katika mwezi wa Rajab, maswali hayajakoma. Kina mama wameuliza kama mwanamke mwenye kujisitiri anaweza kupanda mlima mrefu kiasi kile, wazee wameuliza tuliswali vipi, na vijana wameuliza tulifika au hatukufika. Tumeona ni bora tujibu mara moja, kwa kuwasimulia safari yenyewe.

Tulikuwa watu wanane kutoka Mombasa. Alikuwamo bwana mmoja mfanyabiashara na mkewe, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Mama mmoja wa makamo na mwanawe wa kiume anayesoma chuo kikuu. Dada wawili walimu wa madrasa waliofuatana na kaka yao. Na sisi tunaoandika haya, tuliokwisha kutimiza miaka hamsini na ushei. Kwa hiyo kila mwanamke alikuwa na mume au maharimu wake. Tulichagua siku za katikati ya mwezi wa Kiislamu, ili usiku wa kupanda kileleni tuwe na mbalamwezi, na tulichagua kipindi cha kiangazi baada ya mvua za vuli, kwa kuwa mlima ule wakati wa masika ni matope chini na theluji juu.

Njia ya kutoka kwetu ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Tulitoka Mombasa alfajiri, tukapumzika Mackinnon Road kwenye msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Seyyid Baghali Shah, ambapo msafiri Muislamu wa barabara ile ni nadra kupita asisimame. Tukashika Voi, tukaacha barabara kuu ya Nairobi, tukapita Mwatate na Maktau hadi Taveta. Mpakani Holili tuligongewa mihuri chini ya paa moja, wa Kenya na wa Tanzania, na baada ya Alasiri tulikuwa Marangu, kwenye migomba na mifereji ya maji ya Wachaga, tukiutafuta mlima kwa macho wala tusiuone, kwani mawingu yalikuwa yameufunika. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada ya hifadhi iliyo pungufu sana kuliko wanayotozwa wageni wa mbali. Hata hivyo, sheria haimruhusu yeyote, awe mwenyeji au mgeni, kupanda bila kiongozi mwenye leseni.

Tufungue mabano kidogo hapa, kwa sababu vijana wetu husoma kwamba mlima huu "uligunduliwa" na Wazungu. Misafara ya wapwani kutoka Mombasa na Pangani ilikuwa ikienda Uchagani kufanya biashara kabla ya hapo. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai, aliuona mlima tarehe 11 Mei 1848 akiwa katika msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, na alipouliza weupe ule ni kitu gani, aliyemuuliza hakuwa na jina la kuupa isipokuwa baridi. Habari ilipofika London, bingwa mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akakanusha katakata kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta, na akashikilia hivyo miaka mingi. Walioona walikataliwa na asiyeona. Na Hans Meyer alipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, aliyekuwa nao katika kambi ya juu, akiwapikia na kulinda mizigo ndani ya baridi ile, alikuwa mtu wa pwani yetu, Mwini Amani wa Pangani. Tunalitaja jina lake makusudi, maana kwenye vitabu vya watoto wetu halimo. Tufunge mabano.

Tulipanda kwa njia ya Marangu, nayo ndiyo tunayoipendekeza kwa familia, kwa sababu ni ya pekee yenye vibanda vya kulala badala ya mahema. Lango liko takriban mita 1,860 juu ya usawa wa bahari. Siku ya kwanza ni mwendo wa msituni hadi Mandara, mita 2,700, chini ya miti iliyofunikwa kuvu kama ndevu za mzee, na mbega weusi wenye mikia meupe wakirukaruka juu. Siku ya pili msitu hukatika ghafla, ukawa uwanda wa nyasi na vichaka hadi Horombo, mita 3,720. Hapo ndipo mlima ulipojionyesha, Kibo mviringo na mweupe, Mawenzi mchongoma kama jino lililovunjika. Siku ya tatu ni ya kukaa palepale Horombo ili mwili uzoee hewa, ukitembea kidogo kwenda juu na kurudi kulala chini. Kuna mimea pale, senesio, mithili ya mgomba uliovalishwa sweta ya majani yake makavu. Dada zetu waliizungumza kwa nusu siku.

Kuhusu mavazi: buibui liliachwa hoteli Marangu, kwa kuwa mlimani hunasa miiba na kuzoa matope, na upepo huligeuza tanga. Kina mama walivaa suruali pana za kuzuia upepo, juu yake makoti mapana yanayopita magoti, na mitandio ya sufi chini ya kofia. Sitara ni kusitiri, na makoti yale yalisitiri. Mandara na Horombo wanawake walipata kibanda chao. Kibo kuna jengo la mawe lenye vyumba vya vitanda vya ghorofa ambamo watu hulala mchanganyiko. Tulipewa chumba kimoja, na leso nne zilizofungwa kwenye vyuma vya vitanda zikawa pazia. Wasichana wawili wa Kijerumani waliokuwa chumba cha pili waliona, wakaomba nao walale upande wa leso. Walikaribishwa.

Chakula hakikutusumbua. Tulikuwa tumeagiza mapema nyama iliyochinjwa na Muislamu, na mpishi alikuwa ameinunua Moshi. Ilipokwisha, tukaendelea na mboga, mayai na uji. Tende tulizobeba kutoka nyumbani ndizo zilizotufaa kuliko vyote, kwa kuwa juu sana mtu hutapika chakula kizito lakini tende moja haikatai.

Sasa tuje kwenye swala, maana hapa ndipo maswali yalipo mengi. Sisi tulikuwa wasafiri kwa kila kipimo, masafa yametimia na hatukunuia kukaa mahali pamoja siku nne, kwa hiyo tulipunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili, na tukakusanya. Mabuti ya mlimani hufunika vifundo vya miguu, na mwenye kuyavaa akiwa na tahara kamili ana rukhsa ya kupangusa juu yake, msafiri siku tatu na usiku wake, ila akiyavua kwenda kulala muda wake umekatika, na kesho aanze upya kwa kuosha miguu. Maji ya Horombo ni baridi ya kukata vidole, lakini yapo, na mpishi hupasha moto. Mwenye kupata maji ya moto hana udhuru wa tayammamu, hata kama anachukia kutoka ndani ya mfuko wa kulalia.

Baada ya Horombo mambo hubadilika. Njiani kuna kijito ambacho ndicho maji ya mwisho. Kutoka hapo hadi juu hakuna tone. Uwanda baina ya Mawenzi na Kibo ni jangwa la vumbi na mawe, na maji yote ya Kibo, ya kupika na ya kunywa, hubebwa mgongoni na wapagazi, ambao kule huitwa wagumu. Maji ambayo mwanadamu anayahitaji kwa kiu yake hayatumiwi kwa udhu. Madhehebu yetu ya Imamu Shafi iko wazi katika hili, na msafiri aliyetayammamu kwa sababu hiyo harudii swala yake. Vumbi nalo lilikuwa tele, safi, la aina ile hasa wanavyuoni wetu wanayoitaka. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri katikati ya uwanda ule. Kibla cha Mombasa ni kaskazini takriban moja kwa moja, na cha pale kinaelekea mashariki kidogo tu; kwa hiyo ukisimama kuswali, Mawenzi iko mkono wako wa kulia, Kibo mkono wa kushoto, na mbele yako ni upande wa Loitokitok na nchi yako mwenyewe. Wagumu watatu walikuwa Waislamu wa Moshi, mmoja wao akaadhini. Sauti haikwenda mbali, pumzi ilimkatika katikati ya shahada, akavuta hewa, akaendelea.

Kibo ni takriban mita 4,720. Tulifika saa tisa alasiri, tukaambiwa tule, tulale, tuamshwe saa tano usiku. Kabla ya kulala kiongozi alipita kwa kila mtu, kama alivyofanya kila jioni, akiwa na kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni katika damu, na maswali yake yaleyale: kichwa kinauma, umekula, umetapika, umelala vipi jana. Kiongozi huyu ni Mchaga wa Marangu, Mkristo, mtu wa maneno machache, aliyepanda mlima ule mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Alikwisha kutueleza tangu langoni kwamba hewa ya kileleni ina nusu tu ya oksijeni ya Mombasa, na kwamba ugonjwa wa mwinuko hauchagui. Humwacha mzee mwembamba ukamwangusha kijana mwenye kifua. Kuumwa kichwa na kichefuchefu ni mambo ya kawaida. Kinachoua ni pale ubongo au mapafu yanapoanza kujaa maji: mtu akayumba kama mlevi, akachanganya maneno, au akahema hata akiwa amekaa. Dawa ya hilo ni moja, kushuka, na kushuka wakati uleule.

Yule bwana mfanyabiashara, ambaye ujanani alikuwa mchezaji mpira na ndiye aliyekuwa akitutangulia sote kwa siku tatu, alijibu kila swali kwa neno moja, alhamdulillahi. Kichwa? Alhamdulillahi. Umekula? Alhamdulillahi. Kipimo cha kidole kilikuwa chini kidogo ya cha wengine, ila si kwa kiasi cha kumtisha kiongozi, akaendelea kwa mwengine.

Nusu saa baadaye mkewe alitujia nje, tulipokuwa tumejikinga upepo ukutani. Yule mama wa makamo alikuwa pamoja naye.

"Sheikh, niwie radhi," alisema. "Nina swali la dini."

Tukamwambia aseme.

"Mke akiujua mwili wa mumewe, na mume hataki ujulikane, je, mke akisema amemsengenya? Amevunja siri ya nyumba?"

Tukanyamaza kidogo. Akaendelea mwenyewe. Mumewe alikuwa akiumwa na kichwa tangu usiku wa kwanza wa Horombo, akimeza vidonge vya maumivu kwa siri. Mchana ule hakula, chakula chake alimpa mgumu mmoja. Tangu tufike Kibo ametapika mara mbili nyuma ya choo. Na lililomtia hofu zaidi ya yote, alipomsaidia kufunga kamba za buti, mumewe alizitazama kamba zile kama mtu asiyejua ni za nini. Alikuwa amemwapiza asiseme. Amelipa fedha nyingi kuja huku, amewaahidi watoto picha ya kileleni, na hataki kuwa mwanamume wa kwanza kurudi ilhali wanawake wanapanda.

Wasomaji wetu wanajua jinsi tunavyokemea usengenyaji katika kurasa hizi. Lakini wanavyuoni hawakuuacha mlango ule bila funguo. Imamu Nawawi katika Riyadhus Swalihin ametaja sababu sita ambazo kwazo inaruhusiwa kumtaja mtu kwa asichopenda, na miongoni mwazo ni kutaka fatwa, na kuonya ili madhara yasifike. Ushahidi wa ile ya kutaka fatwa ni bibi Hind binti Utba, aliyekwenda kwa Mtume (S.A.W.) na kumshitaki mumewe, Abu Sufyan, kwa ubahili, wala hakuambiwa nyamaza, huyo ni mumeo, alijibiwa swali lake. Na siri ya unyumba iliyoharamishwa kutolewa ni ile ya faragha ya mume na mke, si ugonjwa unaoweza kumuua mtu kabla ya jua kuchomoza. Tulimwambia hayo. Tukamwambia pia kwamba kwa tunavyoona, katika hali hii kusema si ruhusa tu; imekuwa ni wajibu, na kama inamwia vigumu, tuko tayari kumwendea kiongozi kwa niaba yake.

"La, Sheikh. Nikisema nyuma yake hatanisamehe. Nitasema mbele yake."

Akaingia ndani. Sisi na yule mama tukamfuata. Mumewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiongozi akihesabu tochi za kichwani. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayewaeleza wanafunzi hesabu, kila alichotuambia nje, kimoja kimoja. Mumewe alipandwa na ghadhabu. Alimwambia amemwaibisha mbele za watu, na akasema maneno mengine ambayo si lazima yaandikwe. Mkewe hakujibu hata moja. Alisimama tu, mikono imefumbata mtandio.

Kiongozi hakubishana na yeyote. Alichukua fimbo ya kutembelea, akailaza sakafuni, akamwambia, "Mzee wangu, tembea juu ya mstari huu, kisigino kwa kidole." Hatua ya kwanza aliipata. Ya pili alishika kitanda. Ya tatu hakuiweza. Alijaribu tena, na safari hii uso wake ulikuwa umebadilika, kwa kuwa sasa alikuwa akijiona mwenyewe.

Uamuzi ulichukua muda mfupi kuliko kuusimulia. Kibo kuna machela ya gurudumu moja, chuma kitupu na mikanda, yenye kusukumwa na watu wanne. Msaidizi wa kiongozi na wagumu wanne wakajifunga tochi. Mke akaanza kupanga mfuko wake. Dada zetu walimwambia mumewe yuko na watu wazuri, naye ana afya, abaki apande pamoja nao, na kaka yao akasema hivyohivyo. Mwalimu yule alikuwa amejizoeza mwaka mzima. Kila Jumapili alikuwa akipanda ngazi za jengo la ghorofa kumi na mbili akiwa na begi la mchanga mgongoni. Alitutazama sisi kana kwamba kuna fatwa ya pili. Tulimwambia dini haimlazimishi hili wala lile, mgonjwa yuko kwenye mikono salama. Akasema, "Akizinduka asinione atadhani nilikwenda juu kwa kumkomoa," akafunga mfuko. Saa moja na nusu usiku taa zao sita zilikuwa zikiteremka uwandani, na mlio wa lile gurudumu ukasikika kwa muda mrefu baada ya taa kupotea.

Sisi sita tuliondoka saa sita usiku. Mteremko wa Kibo ni changarawe iliyoganda, na njia hupanda kwa kukatakata, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kwa saa tano au sita. Wenyeji husema pole pole, na si maneno ya kuwafurahisha watalii. Mtu huinua mguu, huuweka, huvuta pumzi mbili, ndipo huinua mwengine. Maji yaliganda kwenye chupa. Mbalamwezi ilikuwa kali hata tukazima tochi. Karibu na pango liitwalo Hans Meyer, lililo juu kidogo ya mita 5,100, yule mama wa makamo alisema haoni tena vidole vyake vya miguu. Alimaanisha havihisi. Kiongozi alimvua buti, akaviona, akasema hapa mwisho. Mama hakubisha hata kidogo. "Nimekwisha kusikia leo mambo ya kuficha," alisema, akashuka na mwanawe pamoja na msaidizi wa pili.

Wakati wa Subuhi uliingia yapata saa kumi na moja na robo, tungali chini ya mdomo wa kreta, kwenye majabali. Ikumbukwe kwamba tayammamu hufanywa baada ya wakati kuingia, na kila faradhi kwa tayammamu yake; na huko juu kupata vumbi ndani ya mawe yaliyoganda si jambo rahisi. Dada mdogo alikuwa na akili kutuzidi sote. Mchana tulipopita uwandani alichota vumbi, akalitia katika kimfuko cha kitambaa, akakibeba kifuani. Tukavua glavu kwa muda wa kupiga na kupangusa, tukazirudisha, maana kiongozi alikuwa akihesabu nukta kwa sauti. Kusujudu na glavu hakuna ubaya katika madhehebu yetu, ila paji la uso ni lazima liguse ardhi, basi kofia zilisukumwa nyuma. Baridi ya jiwe lile tungali tukiihisi tunapoandika. Kiongozi na mwenzake walisimama chini yetu upande wa mteremko, migongo ikitutazama, mpaka tukatoa salamu.

Gilman's Point, mita 5,685, tulifika jua likiwa limechungulia nyuma ya Mawenzi. Mawingu yalikuwa chini yetu pande zote, kama bahari iliyokupwa ghafla na kusimama. Barafu tuliyoiona si ile ya kwenye vitabu vya zamani. Tangu ilipopimwa mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 imekwisha kutoweka, na iliyobaki imesimama vipande vipande kama kuta za nyumba iliyoezuliwa. Ndugu watatu wakaendelea na msaidizi hadi Uhuru, mita 5,895, mwendo wa saa mbili zaidi. Sisi kiongozi alitutazama, akatwambia, "Shehe, hapa panatosha." Tukakaa juu ya jiwe, tukala tende mbili, tukateremka.

Horombo tulimkuta yule bwana ameketi kwenye ngazi ya kibanda juani, kofia imefunika masikio, akimenya chungwa. Mkewe alikuwa amelala ndani, hakulala usiku wote. Kila mita mia walizoteremka akili ilikuwa ikimrudi, na walipofika, saa nne na nusu, aliomba chai. Mwenyewe hakumbuki mengi. Msaidizi alimsimulia kwamba njiani alimwita mkewe kwa jina la mamake, na kwamba mahali fulani alitaka kuvua koti na kushuka kwenye machela, kwa kudai yuko Likoni na feri imekwisha kutia nanga. Alitueleza hayo huku akicheka, halafu akaacha kucheka.

"Lile swali alilokuuliza mke wangu," alisema, "liandike. Jina langu liache."

Tukamuuliza mkewe naye alipoamka. Akasema liandikwe, ila isisahauliwe kwamba alisema mbele yake.

Siku ya sita langoni, maofisa wa hifadhi waliandika hati za waliofika, tatu za Uhuru na moja ya Gilman's Point. Kabla ya yote tulilipa bahshishi, hadharani, kila mgumu kwa jina lake na fedha mkononi mwake, badala ya kumkabidhi mtu mmoja agawe. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kumlipa mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na watu hawa hubeba mzigo usiozidi kilo 20 kwa kanuni ya hifadhi, hupimwa langoni, kwa malipo ambayo wengi wao hutegemea bahshishi kuyafanya yatoshe. Mwenye kupanga safari asihesabu bahshishi kuwa ni hisani ya mwisho akibakiwa na kitu. Aiweke ndani ya bajeti tangu mwanzo. Wanne waliosukuma lile gurudumu usiku, yule bwana aliwalipa mwenyewe, na kiasi hakukitaja.

Kwa wanaonuia kwenda: muoneni daktari kwanza, hasa mwenye pumu, shinikizo la damu au mimba, na mumuulize kuhusu vidonge vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Msikubali safari ya siku tano hata kama ni rahisi zaidi; ile siku ya kukaa Horombo ndiyo inayowaokoa watu. Msiende Ramadhani. Yule mama wa makamo, ambaye vidole vyake ni vizima, alhamdulillahi, ameanza tena kutembea kila siku baada ya Subuhi, na amenuia kurudi. Kina mama wanaotaka kufuatana naye wamuone kwenye darsa ya Jumamosi baada ya Alasiri, na wale wasio na maharimu wa kuwasindikiza waseme mapema, ili ndugu zao waombwe.